Na Kama Maji Yangekosekana?

Mwanadamu huzaliwa peke yake, lakini hakui peke yake. Kwanza hushikwa mkono na mama, kisha na ndugu, na mwisho hufika siku ambapo hutoka mlangoni kwao akaenda kutafuta mahali pake katikati ya watu asiowajua. Kwa vijana wengi siku hiyo ni ile ya kuingia shule ya sekondari. Kijana hufika na sanduku lake, godoro lake na jina lake. Sanduku husukumwa chini ya kitanda, godoro hutandikwa juu yake, lakini jina haliko tena katika uwezo wake. Wenzake waweza kuliacha kama alivyopewa na wazazi wake, au waweza kulitupa wakampa jingine. Juu ya mambo haya mawili, mahali na jina, nataka kusema nawe, msomaji, kwa sababu wengi huyadhani kuwa madogo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Keringet ni mji mdogo katika Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, katika barabara itokayo Molo kwenda Olenguruone. Nchi yake ni ya juu na ya baridi, jirani na msitu wa Mau. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na chai kama mtu asiyetaka kuamka, na ng'ombe husikika kabla ya kuonekana. Watu wa mbali walijua jina la Keringet kwa sababu limeandikwa juu ya chupa za maji ya kunywa. Wapendao michezo hulijua kwa ajili ya Faith Kipyegon, mkimbiaji aliyelelewa na kusoma katika sehemu hizi. Mimi nalijua kwa sababu nilifundisha katika shule moja ya bweni ya nyanda hizo za juu. Jina la shule silitaji, maana kosa nitakaloeleza laweza kutendeka katika shule yo yote, na fungu moja la kosa lenyewe ni langu.

Jumamosi moja jioni wanafunzi walioneshwa picha ya sinema. Viti vilipangwa ndani ya bwalo, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na watoto wakakaa wamejifunika sweta na mablanketi kwa ajili ya baridi. Picha yenyewe iliitwa "Queen of Katwe", iliyotolewa mwaka 2016 na kuongozwa na Mira Nair. Kisa chake si cha kubuni. Katwe ni mtaa wa maskini katika mji wa Kampala, na humo alikua Phiona Mutesi. Baba yake alikufa Phiona angali mdogo sana. Mama yake hakuweza kulipa karo, basi mtoto akaacha shule akawa anauza mahindi njiani. Kwa kumfuata kaka yake alifika mahali ambapo kijana mmoja, Robert Katende, alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa mchezo wa sataranji na kuwapa uji. Mtoto yule aliyefuata uji alikuwa na akili ya ajabu juu ya ubao ule. Alishinda mashindano ya nchi yake. Mwaka 2010 akaenda Urusi kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, na mwaka 2012 akaenda Istanbul katika Olimpiadi nyingine. Katika picha, Phiona anachezwa na Madina Nalwanga, na mama yake anachezwa na Lupita Nyong'o.

Yapo mambo mawili katika picha ile ambayo hayana budi kukumbukwa ili neno langu lieleweke. La kwanza ni siku ambapo watoto wa Katwe walikwenda kushindana na wanafunzi wa shule kubwa. Waliingia katika majumba mazuri na nguo zao hafifu, wakatazamwa kama watu waliopotea njia. Katika shule ile walikuwa watu wa nje kabisa. La pili lilitokea mbele ya hilo, na wengi hulisahau. Phiona alipofika mara ya kwanza kwa Katende, watoto waliokuwa wamekwisha kutangulia walimcheka kwa sababu ya harufu yake. Akapigana. Akaondoka. Kisha akajiosha, akarudi akiwa safi, na safari hii akapata mahali.

Bwalo zima lililia usiku ule. Wasichana waliinamiana mabegani, na hata wavulana wa kidato cha nne, ambao hujiona wazee, walijifanya wana mafua. Phiona aliposhinda, makofi yalipigwa hata madirisha yakatetema. Nilirudi nyumbani kwangu nimefurahi. Nikasema moyoni kwamba picha moja njema imefanya kazi ambayo mahubiri kumi ya mwalimu hayawezi kuifanya.

Asubuhi ya Jumapili zamu ya bwalo ilikuwa yangu.

Katika kidato cha pili alikuwamo msichana mmoja aliyefika katikati ya muhula. Aliletwa na nyanya yake, mwanamke mzee aliyeshuka katika matatu na gunia la viazi, nusu ya karo ikiwa katika fundo la kitambaa na nusu ikiwa katika gunia. Nyumbani kwao walilala jikoni karibu na moto, kwa kuwa baridi ya milima ile haina huruma kwa nyumba ya ubao, na kwa hiyo blanketi la mtoto yule lilinuka moshi. Jua la siku yake ya kwanza halijatua alikuwa amekwisha kuitwa Moshi. Jina lilitoka bwenini likaingia darasani. Siku moja nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja wa nyuma alisema, "Mwalimu, huku nyuma hatuoni ubao, kuna moshi." Darasa likacheka. Nami, msomaji, nikatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu aliyechoka, na halikudumu hata dakika. Lakini tabasamu la mwalimu ni muhuri. Tangu saa ile jina lile lilikuwa halali.

Basi asubuhi ile msichana aliingia bwaloni na kikombe chake cha chai na kipande cha mkate, akatazama huku na huku, akaenda kukaa mwisho wa benchi moja. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsukuma. Wale waliokuwa wamekaa walisogea tu, kila mmoja kwa kiasi cha shibiri moja, wakiendelea kuzungumza. Wakati ule ule walikuwa wakimzungumza Phiona, jinsi walivyomhurumia. Katikati ya msichana na jirani yake pakabaki nafasi ambayo watu wawili wangeweza kukaa. Alikunywa chai yake akitazama nafasi ile kama mtu anayesoma barua.

Niliona yote haya, na swali likanishika ambalo halijaniachia mpaka leo: Machozi ya jana yalikwenda wapi?

Siku ya Jumatatu niliwapa kidato cha pili kazi ya insha. Niliwauliza: Katika picha mliyoitazama, wewe ni nani, na kwa nini? Nilikusanya madaftari nikayasoma usiku. Daftari baada ya daftari lilijibu kwamba mwenyewe ni Phiona. Mmoja ni Phiona kwa kuwa wazazi wake ni maskini. Mwingine kwa kuwa hesabu humshinda na watu humdharau. Mwingine kwa kuwa ni mfupi. Sikupata hata mmoja aliyesema kuwa yeye ni mmoja wa watoto wale waliocheka. Na kwa kweli hawakusema uongo. Kila kijana ana jeraha lake ambalo wengine hawalioni, na akitazama picha ya mtu aliyetengwa, jeraha lile ndilo linalotazama. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Katika giza la sinema viti vyote ni vya aliyeonewa. Kiti cha mwonevu hukaa kitupu, na kila mtu hutoka akiamini kwamba mwenye kiti kile anaishi mji mwingine.

Watoto wa Katwe wenyewe ni ushahidi wa jambo hili. Walikuwa maskini, walidharauliwa na shule kubwa, walijua uchungu wa kutazamwa kama takataka. Ungetazamia kwamba watu wenye elimu hiyo wangempokea mwenzao kwa mikono miwili. Walakini siku alipofika aliye maskini kuliko wao, walicheka. Wahenga walionya, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Lakini watoto hawa hawakuwa hata na unahodha, walikuwa wamepata kikombe cha uji tu. Basi kuonewa peke yake hakumfundishi mtu wema. Kunaweza kumfundisha huruma, na kunaweza vile vile kumfundisha namna ya kuonea. Mtu aliyesimama nje ya mlango kwa muda mrefu, akifunguliwa, mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kuufunga nyuma yake.

Insha ya msichana yule ilikuwa fupi kuliko zote. Hakusema yeye ni nani. Aliandika kwamba aliipenda picha, na kwamba alifurahi Phiona alipojiosha akarudi na kukubaliwa. Kisha akaandika sentensi moja peke yake chini ya ukurasa: Na kama siku ile maji yangekosekana, je?

Nimesoma vitabu vingi juu ya haki, lakini sijui kama nimepata kusoma swali lililo zito kuliko hilo. Maana yake ni hii. Sisi humpokea mtu wa nje akiisha kuwa kama sisi. Tunamwambia: oga kwanza, vaa kwanza, sema kama tusemavyo kwanza, shinda kwanza, kisha njoo ukae. Hatuoni kwamba kwa kusema hivyo tumekiri kuwa asipofanya hivyo hana mahali. Usafi ni jambo jema, na ye yote aliye na maji na aoge. Lakini usafi ni faida ya mwili na heshima ya nyumba. Haukupata kuwa karo ya kuingia katika ubinadamu. Aliyechelewa kuoga ana deni la sabuni. Hana deni la utu.

Najua kwamba yapo majibu ya kunipinga, na si haki kuyapita kimya. Wa kwanza atasema: urafiki hauamriwi. Nikimpenda huyu na nisimpende yule, ni moyo wangu, na hakuna sheria ya shule iwezayo kuuingia. Maneno haya ni ya kweli, lakini yanajibu swali ambalo halikuulizwa. Urafiki ni zawadi, nami nina hiari ya kumpa nimtakaye. Nafasi katika benchi si zawadi yangu. Benchi ni la shule. Msichana yule ana haki nalo sawasawa na mimi niliyetangulia kulikalia. Sitaki umpe siri zako mtu usiyempenda. Nataka usimnyang'anye kisicho chako. Kumsalimu mtu kwa jina lake, kumpisha njiani, kumjibu akiuliza, kumwachia mahali pa kukaa, haya si mapenzi. Ni malipo ya kawaida anayostahili kila mtu kutoka kwa kila mtu. Wengi wetu hukataa kulipa deni kisha tukasema ni kwa sababu hatutaki kutoa sadaka.

Wa pili atasema: taabu humkomaza mtu. Dhahabu haisafiki bila moto. Lau Phiona hangechekwa, pengine hangepata hasira ya kushinda. Jibu hili hupendwa sana na watu ambao si wao walio motoni. Mimi husema hivi: tunawahesabu waliopita katika moto wakatoka, kwa sababu ndio waliobaki kuhesabiwa. Walioungua hawana picha ya sinema. Katika kila shule wapo waliofunga masanduku yao usiku wakasema wanaumwa, wakaenda nyumbani wasirudi. Ukitaka kusema kwamba dharau ni mwalimu mwema, sharti uwaite na hao waje kutoa ushahidi. Tena, hata kwa yule aliyeshinda, sifa ni yake yeye aliyevumilia, haimwendei aliyemtesa. Mtu aliyekutupa mtoni ukajifunza kuogelea hakukufundisha. Alikutupa.

Wa tatu atasema: wako wanaopenda kukaa peke yao. Hilo ni kweli tupu, nami nawaheshimu. Yuko kijana ambaye kitabu chini ya mti kwake ni karamu, na kumburuta katika kelele za wenzake ni kumwonea. Lakini aliyeketi peke yake kwa kupenda na aliyeketi peke yake kwa kusukumwa hawafanani ila kwa mtu apitaye mbali. Mkaribie umsalimu. Wa kwanza atakujibu arudie kitabu chake. Wa pili atakutazama kwanza ili ajue kama unamdhihaki. Mtazamo ule ukiuona mara moja hutahitaji kuulizwa tofauti yake.

Sasa naja kwa jambo ambalo picha za namna hii huliharibu hata zikiwa njema. Karibu zote huishia kwa ushindi. Aliyedharauliwa hupata kikombe, au medali, au makofi ya umati, na waliomdharau huona haya. Tunatoka tumefurahi kwa kuwa haki imetendeka. Lakini hebu tupime: ni haki gani hiyo? Kama heshima ya Phiona imetoka katika ushindi wake, basi kabla ya kushinda hakuwa nayo, na waliomcheka hawakukosa ila kwa kutokujua yatakayokuja. Kosa lao lingekuwa kosa la mchuuzi aliyeuza kwa bei ndogo kitu cha thamani. Hapana. Kosa lilikuwa kosa siku ile ile, juu ya mtoto yule yule aliyefuata uji, hata kama hangejua kamwe kutofautisha farasi na malkia juu ya ubao wa sataranji.

Watu wa Keringet wana mfano wao. Mwaka 2010, katika mbio za nyika za dunia zilizofanyika Bydgoszcz, Poland, Faith Kipyegon alikimbia miguu mitupu katika mbio za wasichana, akawa wa nne, umri wake ukiwa miaka 16. Tangu hapo ameshinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki mara tatu mfululizo: Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika mbio hizo. Leo miguu ile mitupu ya Bydgoszcz husimuliwa kama pambo. Lakini katika njia za Kuresoi hupita kila asubuhi watoto wengine wenye miguu mitupu ambao hawatashinda mbio zo zote. Watafika shuleni wamechelewa, na matope hata magotini. Je, miguu yao ni aibu na ya bingwa ni fahari? Kama mguu ni ule ule na tope ni lile lile, basi anayemcheka mmoja na kumpigia makofi mwingine haheshimu mtu, anaheshimu medali.

Tena makofi ya ulimwengu ni ukuta mwembamba. Mwaka 2004 mzee mmoja wa miaka 84, Kimani Ng'ang'a Maruge, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, kwa kuwa mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeondoa karo za shule za msingi. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa wa nje kuliko yeye, mzee mwenye fimbo katikati ya watoto wa miaka sita. Sifa zake zilienea. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure, na baada ya kufa kwake mwaka 2009 maisha yake yalifanywa picha ya sinema, "The First Grader", iliyotoka mwaka 2010. Lakini ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mzee yule aliyepigiwa makofi na dunia aliibiwa mali yake, akawa mkimbizi kambini katika nchi yake mwenyewe. Kutoka kambini aliendelea kutembea kwenda shule. Dunia ilikuwa imempa mahali katika magazeti. Kwa wengine katika majirani hakuwa na mahali hata pa kuweka kitanda.

Hapa msomaji ataniuliza, benchi la bwaloni lina uhusiano gani na mambo makubwa kama hayo? Nami namjibu kwamba watu wa Molo na Kuresoi hawahitaji kuambiwa. Mwaka 1992, na tena mwaka 2008, nyumba zilichomwa katika vilima hivi, na majirani walioazimana jembe na chumvi walifukuzana kwa kuitana wenyeji na wageni. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zile za 2007 na 2008. Na kabla ya mioto palikuwa na neno. Watu waliotakiwa waondoke hawakuitwa kwa majina yao. Waliitwa madoadoa. Ni neno la kawaida. Hata ng'ombe ana madoadoa. Lakini doa ni kitu cha kufutwa, na mtu akiisha kuitwa doa, anayemfuta hujiona anafanya usafi. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Utangamano na Uwiano ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki yasiyofaa kutumiwa katika siasa. Ilifanya vema. Lakini tume haiwezi kukaa katika kila bweni. Doa na moshi ni maneno ya ukoo mmoja: yote mawili humgeuza mtu kuwa uchafu, na yote mawili huanza kwa kicheko.

Sisemi kwamba kila anayempa mwenzake jina la dhihaka atakuja kuchoma nyumba. Huo ungekuwa uongo. Nasema kwamba mkono hauanzi na kiberiti. Huanza kwa kusogea shibiri moja, na jicho huanza kwa kuzoea kuiona nafasi ile kuwa kitu cha kawaida. Watu wengi waliokuwako wakati wa mioto hawakuwasha, walisogea. Nami katika darasa langu sikutukana, nilitabasamu.

Mtu huweza kunikumbusha methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akadhani kwamba wahenga walichoka na wageni. Mimi naisoma vingine. Jembe si fimbo ya kufukuzia. Jembe ni chombo cha mwenye nyumba. Anayepewa jembe ameonyeshwa shamba, ameonyeshwa mpaka, ameambiwa kwamba mvua ikinyesha itamhusu na yeye. Katika siku ya tatu mgeni hageuzwi kuwa adui. Anageuzwa kuwa mmoja wetu. Shule yetu ilikuwa imempokea mtoto yule kwa muhula mzima, ikampa namba, kitanda na sare, na bado hakuna aliyempa jembe.

Jumanne niliingia darasani na madaftari. Sikuisoma insha ya msichana yule mbele ya watu, kwa sababu haikuwa yangu kuitangaza. Nilisema neno moja tu juu yangu mwenyewe. Nilisema kwamba siku fulani mwanafunzi alifanya mzaha juu ya jina la mwenzake, nami nikatabasamu, na kwamba mwalimu aliyetabasamu siku ile alikuwa amekosa na anaomba radhi. Kisha nikaita majina kama kawaida, nikamwita msichana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitika kwa sauti ndogo. Darasa lilikuwa kimya, kimya kisichopendeza, cha watu wasiojua waweke wapi macho yao. Nilitoka nikidhani nimefanya jambo la bure.

Jioni alipoingia bwaloni na sahani yake ya githeri, alikwenda mwisho wa benchi lile lile kama desturi yake. Msichana aliyekuwa karibu, ambaye hakuwa mwema kuliko wengine wala mwenye akili kuliko wengine, alisogea. Safari hii alisogea kumwelekea, akaipunguza nafasi, akamwomba chumvi. Hilo ndilo lililotokea, wala hakuna zaidi. Ubao ulikuwa ule ule, na kusogea kulikuwa kwa kiasi kile kile cha shibiri moja. Hawakuwa marafiki wakubwa baadaye, kwa kadiri nijuavyo. Lakini jina la Moshi lilianza kuchakaa, na kufika kidato cha tatu nililisikia mara moja tu, na aliyelisema aliangaliwa vibaya na wenzake.

Msichana yule alimaliza kidato cha nne akapata alama za kati. Hakuwa bingwa wa sataranji, wala wa mbio, wala wa kitu kingine cho chote, na hakuna atakayetengeneza picha ya sinema juu ya maisha yake. Kwa sababu hiyo hasa nimemwandika. Alistahili mahali pake siku alipofika na blanketi lake la moshi, kabla hajaonyesha kama ana faida yo yote kwetu, na angestahili vile vile hata kama maji yangekosekana mpaka leo.

Nawe msomaji, ukitoka katika picha yo yote iliyokutoa machozi, usijiulize kama unamfanana aliyeonewa. Bila shaka unamfanana. Sisi sote tunamfanana. Jiulize ni nani anayekaa mwisho wa benchi lako, na safari ya mwisho uliposogea, ulisogea kwenda upande gani.